Gari la Nzioka Wawili

Betri ikisahauliwa ndani ya gari la kuchezea hutoa jasho. Jasho hilo hukauka likawa unga mweupe wenye ukijani pembeni, na harufu yake hukaa puani siku nzima, kali, siki na kutu pamoja. Mimi nimeizoea vibaya. Nina magari thelathini na moja ya mashindano ya kuendeshwa kwa rimoti, yote ya zamani, ya enzi zile antena ilikuwa ndefu kuliko gari lenyewe, na karibu kila moja lilifika mikononi mwangu likiwa limeoza tumbo.

Kuna wakati kazi hii niliifanya kwa hamu. Nilikaa stoo, hapa nyuma ya nyumba yetu Machakos, Jumamosi nzima, na mswaki mkuukuu, kikombe cha siki na tambara, nikisugua vyuma vinavyoshika betri mpaka ving'ae. Siku hizi dakika kumi zikipita mgongo unaanza kesi yake. Matairi yamekauka hayashiki chini. Springi zimelegea. Vile vipande vidogo vinavyochomekwa ili rimoti na gari visikilizane havipatikani tena, ila ubahatike kuviokota kwenye maboksi ya mitumba. Mke wangu, ambaye ni mvumilivu kuliko ninavyostahili, aliniuliza juzi, "Kwani haya magari utayaendesha lini?" Nikishalitengeneza moja likanguruma, nalizima, nalifunga kwa gazeti na kulirudisha kwenye rafu.

Tuna kikundi chetu cha simu, watu kama kumi na watano wenye ugonjwa huu, tunaotumiana picha za mota na gia. Mmoja wao aliona picha ya gari langu jekundu, lenye namba saba ubavuni na kidereva cha plastiki kilichovaa helmeti nyeupe, akalitaka. Amenipigia mara tatu. "Mzee, wewe sema tu bei," ananiambia. Basi nikalitoa kwenye katoni nilipige picha ya upande wa chini. Nikafungua mfuniko wa betri. Ile harufu ilinipiga nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na picha sikuipiga. Gari hilo si langu. Nimekaa nalo zaidi ya miaka arobaini, na si langu.

Lazima kwanza nieleze habari ya majina. Kwetu Ukambani mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Babu yetu aliitwa Nzioka, na alikuwa na watoto wawili wa kiume. Kila mmoja alipopata mwana alimwita Nzioka, kama ilivyopasa, na kwa hiyo tukawa Nzioka wawili tuliopishana miezi michache tu. Mimi niliishi Athi River, ambako baba yangu, Makau, alikuwa kibarua wa kiwanda cha saruji. Binamu yangu aliishi na babu na bibi upande wa Muthetheni, kwa sababu baba yake alikuwa amefariki na mama yake ameolewa kwingine. Watu walitutofautisha kwa kusema Nzioka wa Athi na Nzioka wa nyumbani. Sisi wenyewe tuliitana wajina. Susu, ndivyo tulivyomwita bibi, alituita wote wawili waume zake, kwa sababu ya jina. "Ala! Niko na mabwana wawili," alilalamika mbele ya wageni, "na hakuna hata mmoja ananiletea kuni."

Babu alikuwa mpishi kwenye ranchi moja upande wa Konza. Alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, na alikuwa na mchezo wake. Akifika langoni hakubisha hodi. Aliweka mzigo chini, akaita mara moja tu, "Nzioka!" Atakayeitika kwanza ndiye mwenye jina siku hiyo. Ndiye aliyebeba mzigo, ndiye aliyekata mkate wa duka, na ndiye aliyekaa kwenye kigoda karibu na babu wakati wa kula. Yule mwingine naye alikula, lakini alikula kama mtu wa kawaida. Kila likizo ya Desemba tulishindania hilo, na wajina alinishinda karibu kila mara. Alikuwa na masikio ya mtu anayechunga mbuzi.

Wenye ranchi walipohama nchi walimgawia babu vitu vilivyowabakia. Pikapu ilimshusha langoni na kitanda cha chuma, sufuria, koti refu la mvua, na boksi lenye picha ya gari jekundu likiruka juu ya mchanga. Lilikuwa la mtoto wao aliyekwisha kukua. Sisi hatukujua chochote kuhusu boksi. Mimi nilikuwa kivulini nikichambua maharagwe na Susu. Wajina alikuwa zizini, nyuma ya nyumba, akikamua mbuzi. Babu akaita.

Wajina aliitika kwanza. Nalisema waziwazi kwa sababu nimepoteza miaka mingi nikijaribu kulikumbuka kwa namna nyingine. Nilisikia sauti yake kutoka zizini, "Niko, Babu!" Lakini babu alikuwa ameanza kuwa mzito wa masikio, na zizi lilikuwa mbali. Mimi nikaruka, nikakimbia mpaka langoni, nikapaza sauti usoni pake, "Ni mimi, Babu!" Susu aliniangalia. Nadhani naye alisikia, lakini alikuwa na ungo wa maharagwe mapajani, na babu alikuwa ameshaniwekea boksi mikononi. "Basi hili ni la mwenye jina," akasema. Wajina akatokea mbio, viganja vimelowa maziwa. Akaliangalia boksi, akaniangalia mimi. Kisha akashika kitanda cha chuma upande wa miguuni, akamsaidia babu kukiingiza ndani.

Na kama kuna aliyestahili gari, ni yeye. Wajina ndiye aliyekuwa na mkono wa magari. Aliyaunda kwa waya, milango ikafunguka na usukani ukapinda kweli, magurudumu akiyakata kwenye kandambili kuukuu, na kila gari lilikuwa na kijiti kirefu cha kuliongozea ukikimbia nyuma yake. Watoto wa sokoni walikuja kumwomba awaundie. Mimi sikujua kukunja hata bampa.

Siku ya kwanza tulilipeleka kwenye tuta la juu la shamba, ngazi pana ya ardhi iliyosawazishwa mteremkoni, ambayo ilikuwa imevunwa na kukanyagwa ikawa ngumu. Nilipobonyeza rimoti gari likaondoka lenyewe na kuku wakatawanyika. Susu alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Hiyo kitu inatembea haijashikwa," akasema, "haitaingia jikoni kwangu. Ilale huko nje." Wajina hakukimbia. Alichukua fimbo yake ya mbuzi akasimama katikati yangu na gari, akaipitisha hewani polepole, kwanza usawa wa magoti, kisha usawa wa kifua. Alikuwa anatafuta waya. "Iko," aliniambia kwa uhakika kabisa. "Ni vile ni nyembamba. Hakuna gari inaweza kata kona bila waya." Nilimwamini. Likizo ile yote niliendesha nimeinua rimoti juu ya kichwa, ili waya usinase kwenye miiba.

Aliniomba ashike rimoti. Nikamwambia betri zitaisha. Nilimwambia hivyo kila siku, wiki mbili, na siku niliyoona haya kidogo nilimruhusu alibebe gari kutoka mwisho wa tuta anirudishie. Alilibeba kwa mikono miwili. Wakati wote huo hakuwahi kunikumbusha nani aliitika kwanza.

Sasa hili ndilo jambo lenyewe. Mwaka ule baba alikuwa amekubali kumchukua wajina akae nasi Athi River, asome shule moja na mimi kuanzia Januari. Mwalimu wake alikuwa amemfuata babu mpaka nyumbani kumwambia kwamba kichwa kile kisiachiwe mbuzi. Mama alikuwa ameshanunua sare mbili, yangu na yake, na alikuwa amezikunja pamoja juu ya kabati. Wajina aliniuliza habari za Athi River kila tulipolala. Aliuliza kama ni kweli vumbi la kiwanda hukaa juu ya chai. Nilimwambia ni kweli, unalipuliza tu.

Betri ziliisha. Tulizianika juani juu ya bati, kama kila mtu alivyofanya, zikapata nguvu ya kulizungusha gari mara moja, kisha zikafa kabisa. Susu alikuwa na redio yenye mawe manne makubwa, betri za saizi ile ile ya zile za gari. Aliifungua Jumapili asubuhi peke yake, akasikiliza ibada ya Kikamba na matangazo ya vifo, akaizima, akaifunika kwa kitambaa. Jumamosi alipokwenda sokoni niliifungua mgongo kwa kisu cha jikoni. Kishikio cha mfuniko kikavunjika. Nikayatoa yote manne nikaenda tutani. Wajina alinikuta huko gari likiruka, akauliza nimepata wapi betri. "Nimenunua," nikasema. Alitazama upande wa nyumbani, kisha akatazama gari. Susu alipokaribia kurudi niliyarudisha mawe mahali pake, yamekwisha, na mfuniko nikaubana kwa kijiti.

Baba alifika Jumapili asubuhi kutuchukua. Alikuwa ameketi nje na kikombe cha chai, na sisi wawili tumesimama karibu na mtungi wa maji, tumeoga, tunang'aa mafuta. Ndani Susu akafungua redio. Hakuna kitu. Akafungua tena. Tukasikia mfuniko ukianguka. Akatoka mlangoni na redio mikononi kama mtoto mgonjwa, akaita, "Nzioka!"

Hakusema Nzioka gani. Nilikuwa nimesimama na wajina bega kwa bega, na bega lake likasogea mbele ya langu.

"Ni mimi, Susu," akasema.

"Ni wewe umefungua redio yangu?"

"Ni mimi."

Nitawaambia nilichofikiri, na anayetaka kunicheka anicheke. Nilifikiri ameitika kwa mazoea. Alikuwa amezoea kuwa wa kwanza, basi amekuwa wa kwanza tena. Nilifikiri zitapita fimbo mbili tatu, alie kidogo, kisha tupande gari twende zetu. Nilihisi hata wivu mdogo wa kijinga, wa kushindwa mbio. Sikuona mbali zaidi ya fimbo.

Fimbo haikuja. Susu aliketi kwenye kigoda akamwambia baba, bila kupandisha sauti, "Makau, huyu ukipeleka kwa nyumba ya kazi, huko mko ukuta kwa ukuta na watu, atafungua ya nani? Utasema nini kwa majirani?" Baba alikoroga chai yake muda mrefu, na sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani. Akasema, "Basi abaki kwanza. Mwaka ujao tutaona."

Nikanyamaza. Nilinyamaza pale, nikanyamaza tukiagana, nikanyamaza njia nzima mpaka Athi River, boksi likiwa mapajani. Leo najua kwamba baba alikuwa anatafuta sababu. Tulikuwa watu sita kwenye vyumba viwili na mshahara ulikuwa wa kubana. Nimejaribu sana kujificha nyuma ya jambo hilo, lakini halinifichi. Sababu niliyompa ndiyo aliyoitumia, na mwaka uliofuata hakuna aliyelitaja tena. Nilivaa sare zote mbili. Yangu ilipochanika magotini, mama alishusha ya wajina kutoka kabatini, nami nikaivaa bila kuuliza.

Gari lilikufa kabla ya Pasaka. Mimi niliendelea na shule, nikafika chuo, nikapata kazi ya ofisi hapa Machakos. Wajina aliacha darasa la saba. Alivunja mawe ya kujengea, akachimba matuta ya watu, akajifundisha mwenyewe kutengeneza pampu za maji, na sasa analima shamba lile lile la babu. Tumekuwa tukikutana kwenye matanga. Tunashikana mikono, tunaitana wajina, kila mtu anakwenda upande wake.

Nilipoanza kupata mshahara nikaanza kununua magari. Watu huniuliza kwa nini, na mimi huwajibu kwamba nayapenda, kwamba hayaundwi tena mengine ya namna hiyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta moja zima la kumpelekea. Nimepata manne mekundu namba saba, na kila moja nililikuta na kasoro. Hili antena si yake. Lile rangi imepauka. Ndivyo miaka ilivyokwenda, nikisugua vyuma kwa siki, na nimechoka. Nimechoka na harufu yake, nimechoka na rafu zile, nimechoka na mimi mwenyewe.

Basi siku ile nilipoinuka kwenye ndoo nililisafisha lile la asili, nikalitia betri mpya, nikaenda Muthetheni. Nilimkuta kwenye tuta la juu akipalilia maharagwe. Amekuwa na mvi nyingi kuliko mimi.

"Sasa wajina," akasema bila kuacha jembe. "Leo ni matanga ya nani?"

"Hakuna matanga. Nimekuletea kitu."

Alipoliona alicheka kidogo, puani. "Kwani hii bado iko?" Akalipindua, akazungusha gurudumu la nyuma kwa kidole, akasikiliza. "Gia imelika," akasema, na ni kweli ilikuwa imelika, mimi sikuwa nimeisikia.

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya langoni, na habari ya redio, maneno niliyokuwa nimeyapanga barabarani yakanitoka shaghalabaghala. Alinisikiliza ameegemea mpini.

"Ya redio najua," akasema. "Si nilikuona na betri? Duka gani ilikuwa hapa?"

"Mbona uliitika?"

"Wewe ulikuwa mtoto wa Makau. Mimi nilikuwa wa kuchukuliwa tu. Nilifikiria, huyu akikosana na babake leo, mimi nitapelekwa na nani? Wacha nichapwe mimi, halafu yeye akiona imekuwa mbaya atasema." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Nguo zangu nilikuwa nimefunga. Nilikaa nazo hapo kwa lango. Nilijua mkifika sokoni utaambia mzee, gari irudi. Nilikaa mpaka Susu akakuja kunitoa."

Habari hiyo ya lango sikuwa nayo. Nilimwomba msamaha. Nilimwomba kwa Kiswahili, kisha kwa Kikamba, mtu mzima na suruali ya ofisi kati ya maharagwe. Akasema, "Sawa." Sikumuuliza ni sawa ya namna gani. Nilimpa rimoti na gari, akanirudishia vyote viwili.

"Enda nayo. Mimi saa hii nitakimbizia nani?"

"Basi niambie nikuletee nini."

"Ukikuja tena, kuja bila kitu." Hakuwa amekasirika. "Nyinyi watu wa town mkikuja mnabeba kitu ndio mpate kuondoka haraka."

Yule mnunuzi wa kwenye simu amepiga tena. Nimemwambia lile jekundu haliuzwi, ila mengine thelathini aje achague, siyahitaji. Mke wangu ameshaanza kupima stoo kwa macho.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Muthetheni mikono mitupu. Kwetu hakuna anayeingia nyumba ya mtu hivyo, hata sukari huna, na mke wa wajina alinitazama mikono kisha akatazama nyuma yangu kama kuna mzigo unafuata. Wajina alinipa jembe. Tulipalilia tangu asubuhi, yeye upande wake na mimi upande wangu, tukizungumza kidogo sana. Jua lilipokuwa kali mgongo ukanikataa, nikasimama, na mistari yangu miwili ilikuwa bado. Yeye alikuwa amemaliza ya kwake. Akahamia kwangu, akainua jembe aanze.

Nikamwambia, "Hapana, wajina. Hii ni yangu."

Aliniangalia, akashusha jembe. Akaenda akaketi kwenye ukingo wa tuta, na mimi nikainama nikaendelea polepole, shina baada ya shina. Ilinichukua karibu saa nzima. Aliningoja mpaka nikamaliza.